Mieleka ya Uani

Katika mambo ambayo watu wazima huyasahau upesi, na ambayo waandishi wa tarikhi huyapita bila ya kuyatazama, hakuna lililo jepesi kupotea kama mchezo wa watoto. Kwa sababu mchezo hauna jengo linalobaki, wala hati iliyotiwa sahihi, na wale walioubuni hukua, wakaoa na kuolewa, wakahama mitaa, na sheria walizokuwa wakizishika kwa uaminifu kuliko sheria za serikali zikafa vinywani mwao. Mimi nilikulia Magomeni, katika mji wa Dar es Salaam, nami ni mmoja wa hirimu ile iliyokuwa na umri wa kucheza mwaka 1994, televisheni ilipoanza kurushwa Tanzania Bara. Nakusudia kuandika hapa habari za mieleka tuliyoiiga kutoka katika kioo cha televisheni, na za michezo tuliyoizua baada yake, kwa kuwa naamini kwamba uchezaji ule ulikuwa na elimu ambayo sikuipata kwingine kokote.

Mieleka haikuletwa pwani na televisheni. Neno lenyewe ni la kale katika lugha yetu, na hata mtu ambaye hajaona mashindano yoyote husema kwamba fulani kapigwa mweleka, akiwa na maana ya kuwa ameangushwa chini kwa kishindo. Tena pwani ina mila ya kupigana kwa mapatano, mila ambayo iko mbali kabisa na ugomvi. Kule Lamu, katika ngoma ya kirumbizi, wanaume wawili huingia uwanjani na bakora zao, wakarushiana na kukingana kwa kufuata mdundo wa ngoma na sauti ya zumari, na mwenye ustadi husifiwa kuliko mwenye nguvu. Na huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwezi wa Julai huadhimishwa Mwaka Kogwa, sikukuu yenye asili ya Nairuzi ya Waajemi, ambapo wanaume wa pande mbili za mji hutandikana kwa vigogo vya migomba huku wanawake wakiimba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na vinyongo vya mwaka uliopita huachwa papo hapo uwanjani.

Nimeitaja Makunduchi kwa sababu ndiko alikozaliwa babu yangu mzaa mama, mtu aliyevuka bahari ujanani kuja Dar es Salaam kutafuta riziki, na ambaye siku zile tulipokuwa tukipiga kelele uani, yeye alikuwa ameketi barazani mbele ya nyumba, tasbihi mkononi, akisikia kila kitu na kusema machache. Kuna maneno yake mawili, nitakayoyaeleza mahali pake, ambayo ndiyo yaliyoufanya mchezo wetu ukastahili kuitwa mchezo.

Televisheni ilichelewa kutufikia. Kenya ilikuwa nayo tangu mwaka 1962, na Uganda tangu mwaka 1963. Unguja ikaanzisha yake, tena ya rangi, mapema katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Mzee Aboud Jumbe. Bara ilisubiri, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliona ya kuwa chombo kile ni ghali, na kwamba kingewafaa wachache wa mijini na kuwaacha wengi wa vijijini gizani. Hivyo redio ndiyo iliyotawala masikio ya taifa, na mtangazaji wa mpira wa Radio Tanzania alikuwa mtu mkubwa kwetu kuliko mchezaji aliyekuwa akimtangaza. Wenye uwezo mjini Dar es Salaam walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa yao kuelekea Unguja, wakadaka picha za ng'ambo ya maji pale hewa ilipokubali. Wengine walinunua deki na kanda za video. Hatimaye, mwaka 1994, vituo vya watu binafsi, ITV kikiwa miongoni mwao, vikaanza kurusha matangazo, na mji ukabadilika usiku wake.

Walakini kwa watoto wa mitaa yetu, ambao wazazi wao hawakuwa na televisheni nyumbani, mlango wa dunia ile mpya ulikuwa ni banda la video. Palikuwa na mabanda ya mabati na maturubai, madirisha yake yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na watu wa mji waliyabandika jina la banda umiza, jina ambalo mtu yeyote aliyewahi kukaa saa mbili juu ya benchi la ubao mmoja, amebanwa baina ya mabega ya watu wazima katika joto la Machi, hatalionea shaka. Humo ndimo tulimokutana na mieleka ya kampuni ya Kimarekani iliyokuwa ikijulikana kwa herufi za WWF, ambayo mwaka 2002 ilibadili jina ikawa WWE. Kanda zenyewe zilikuwa zimenakiliwa mara nyingi hata nyuso za mabingwa zikawa kama zimefunikwa na mvua ya vumbi, na aghalabu pambano tulilolishangilia kana kwamba limepiganwa jana lilikuwa la miaka mitano au sita iliyopita; lakini kwetu sisi halikuwa na tarehe. Tulimwona Hulk Hogan akichana fulana yake kifuani. Tulimwona Bret Hart na miwani yake ya rangi, aliyokuwa akimvisha mtoto mmoja miongoni mwa watazamaji kabla ya kupigana. Tulimwona Undertaker, ambaye watoto wote wa Dar es Salaam tulimwita Andateka, amevaa koti jeusi refu na kofia pana, akienda ulingoni polepole kama mtu anayesindikiza jeneza.

Tulipotoka bandani tulikuwa watu wengine. Njia nzima ya kurudi nyumbani tulikuwa tukigawana majina, na kabla ya alasiri ya siku ya pili ulingo ulikuwa umekwisha kusimama. Ulikuwa nyuma ya nyumba ya seremala mmoja, jirani yetu, ambaye alituachia uani pake kwa sharti la kutogusa mbao zake. Nguzo zetu nne zilikuwa mpapai, mwembe mchanga, mti wa kuanikia nguo na pipa la maji. Kamba zilikuwa za katani, zimeungwa kwa mafundo. Na sakafu ilikuwa maranda yaliyotoka chini ya randa ya seremala, ambayo tuliyakusanya kwa ndoo na kuyatandaza mpaka yakawa na kina cha shubiri moja. Maranda ya mninga yana harufu tamu yenye kukereketa puani, nayo hunata mwilini penye jasho, hata mama zetu jioni hawakuwa na haja ya kuuliza tulikokuwa. Walitutazama shingo na visogo, wakajua. Mkanda wa ubingwa ulikatwa katika kadibodi, ukapambwa kwa karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara. Majoho yetu yalikuwa kanga kuukuu za mama na dada zetu, na kila bingwa alichagua yake kwa jina lililoandikwa ukingoni, kwa kuwa mshindani akiingia uwanjani, watu husoma mgongo wake kabla ya kuona uso wake.

Hakimu wetu alikuwa binti wa jirani, aliyetuzidi umri kwa miaka miwili, na ambaye mtaani hakuna aliyeweza kumlenga katika mchezo wa rede. Hakuna aliyemteua. Siku ya kwanza alikuja kutazama tu, akaona wavulana wawili wakibishana kama bega limegusa chini ama halikugusa, akapiga magoti marandani, akapiga kofi chini mara tatu, akasema, "Kagusa." Tangu siku ile hukumu ilikuwa yake.

Miongoni mwa mabingwa wa kwenye kanda alikuwapo mmoja aliyetutatiza. Aliitwa Kamala, na mtangazaji alimtaja kuwa ni jitu kutoka Uganda. Aliingia na mkuki na kinyago, uso na tumbo vimechorwa nyota na mwezi kwa rangi, hasemi neno ila kuguna, hata mtu wa kumwongoza alihitajika kumwonyesha namna ya kumlaza mpinzani wake. Sisi tulishangaa, kwa kuwa jina la Kamala ni la watu tunaowajua, lina wenyewe huko Bukoba, na mitaani mwetu walikuwapo Wahaya waliokuwa walimu, makarani na wauza kahawa, wala hatukuona hata mmoja aliyeguna. Mwana wa seremala, kijana mnene mwenye maneno mengi, akalichukua jina lile kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka. Akajipaka chokaa tumboni kama alivyoona. Lakini alipoingia ulingoni hakuguna. Alihutubia. Aliwasalimu wazee, akaitaja nasaba yake, akaeleza sababu za kumwangusha huyu na kumsamehe yule, na pindi akisema tulinyamaza wote. Nilipokwisha kuwa mtu mzima nilisoma ya kwamba Kamala yule wa kwenye kanda alikuwa James Harris, mzaliwa wa jimbo la Mississippi huko Marekani, aliyevishwa Uafrika wa kubuni huko Memphis mwaka 1982 ili watazamaji waogope. Kwamba uzeeni alikatwa miguu yote miwili kwa ugonjwa wa kisukari. Na kwamba alifariki Agosti 2020. Nilisikitika kwa ajili yake, kwani mtu mzima alinyimwa ulimi kwa miaka mingi mbele ya halaiki, na jambo lile ni dhuluma kwake na kwetu pia. Mtoto mmoja wa Magomeni, pasipo kufundishwa na mtu, alikuwa amemrudishia ulimi wake.

Sasa nieleze jambo lenyewe nililokusudia. Katika kanda zote, iliyotuteka kuliko nyingine ilikuwa ile ya Machi 1987, ya uwanja wa Pontiac Silverdome katika jimbo la Michigan, ambapo waandaaji walitangaza kuwa wamehudhuria watu 93,173, na ambapo Hulk Hogan alimnyanyua Andre the Giant, Mfaransa aliyetangazwa kuwa na uzito wa kilo 236, akamtupa chini. Kila mmoja wetu alitaka kumnyanyua mwana wa seremala kama Andre alivyonyanyuliwa, na kila mmoja alishindwa. Mtu asiyetaka kunyanyuliwa huwa mzito kama gunia la chumvi iliyolowa. Hulegea, huteleza mikononi, hukuvuta chini pamoja naye. Mimi nilijaribu juma zima. Siku moja, hali nimekwisha kuchoka, nikamwuliza sikioni, "Nikikubinya mkono, utaruka kidogo?" Akaitikia kwa kichwa. Nikambinya. Akaruka kiasi cha kidole kimoja tu, akajikaza mwili kama ubao, na kufumba na kufumbua alikuwa begani pangu, mwepesi, anacheka kimoyomoyo, na ua mzima ukapiga kelele. Nilimtua marandani kwa mgongo, akajipigiza mikono chini ili kishindo kiwe kikubwa na maumivu yawe madogo. Usiku ule sikulala upesi. Nilikuwa nimejua siri ya kwamba katika kuanguka kule kazi kubwa ilifanywa na aliyeanguka.

Laiti ningeishika siri ile siku zote. Yapata mwezi mmoja baadaye, kwa tamaa ya kushangiliwa, nilipanda juu ya pipa la maji nikamrukia mwenzangu mwingine, mdogo kuliko mimi, aliyekuwa amelala chini akifunga kamba ya kaptula yake na hana habari. Nilisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kikikanyagwa. Ulikuwa mtulinga wake. Walimpeleka hospitali juu ya baiskeli, amekaa mbele ya baba yake, uso umemsawijika, halii. Na kule kutolia kwake ndiko kulikonichoma. Alifungwa bendeji majuma sita. Wazee wakaukataza mchezo, seremala akakusanya maranda yake akayatia kwenye magunia, nami nikajificha nyuma ya nyumba mpaka babu aliponiita barazani.

Hakunipiga, wala hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, mlikuwa mnapigana au mnacheza?"

Nikasema, "Tulikuwa tunacheza, babu."

Akasema, "Mmeagana nini?"

Sikuwa na jibu. Akaniketisha karibu naye, akanieleza kwamba kwao Makunduchi, siku ya Mwaka, anayekuchapa kwa mgomba ni mtu unayemfahamu, na nyote wawili mnajua mwanzo wa jambo na mwisho wake. Pasipo kujua mwanzo na mwisho, mgomba ule ule huwa ni silaha. Kisha akanituma kwenda kumwomba radhi mgonjwa, na kwenda kuwakusanya wenzangu tuagane, kwa kuwa, alisema, mchezo uliokatazwa na wazee huchezwa mafichoni, na mchezo wa mafichoni hauna hakimu.

Tuliagana mambo manne, chini ya mwembe, yule binti hakimu akiyahesabu kwa vidole. La kwanza, hapana mtu kuruka wala kunyanyua mpaka apige makofi mawili na mwenziwe ajibu mawili. La pili, kichwa na shingo ni haramu. La tatu, anayetamka neno "sulhu" huachwa mara moja, wala hachekwi. La nne, aliyekuwa bingwa Ijumaa hii hawezi kuwa bingwa Ijumaa ijayo, mpaka zamu imewazunguka wote. Wazee wakaridhia, na maranda yakarudi.

Ajabu ni kwamba sheria zile hazikuupunguza utamu wa mchezo, bali ziliufungua. Maadamu ushindi ulikuwa wa zamu, nguvu ilikoma kuwa na maana, na watoto walioitwa dhaifu wakapata pa kung'aria. Ndipo tulipozua mashindano ya kuanguka: wawili huingia ulingoni, wakaangushana kwa zamu, hakuna kuanguka kunakoruhusiwa kurudiwa, na hakimu humpa mkanda yule ambaye maanguko yake yamewafurahisha watazamaji zaidi. Yule mwenye mtulinga alipopona, akawa fundi wa mchezo huo. Alikuwa akianguka kama shuka inayodondoka kutoka kwenye kamba, na hakuna aliyemfikia. Tukazua pia mchezo wa mtangazaji, ambao asili yake ilikuwa redio tuliyolelewa nayo: mmoja hukaa juu ya pipa, gunzi la hindi mkononi badala ya kipaza sauti, akatangaza pambano kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, na walio ulingoni hupaswa kutenda papo hapo kila anachokisema, hata akisema kwamba mvua imenyesha, au kwamba Andateka amekumbuka deni la duka na amerudi kulilipa. Na kutoka katika kombolela, mchezo wa kujificha ambao waliokamatwa hukombolewa na mwenzao aliye huru kwa kupiga kopo teke, tulichukua kanuni ya kuokoana. Ikawa aliyebanwa chini aweza kukombolewa na mwenziwe akiwahi kugusa pipa kabla ya kofi la tatu.

Watu wazima wa barazani walikuwa na mjadala wao usiokwisha, kama mieleka ile ya kwenye kanda ni kweli au ni uongo. Mjadala huo ulikuwa umekwisha kukatwa ng'ambo sisi tukingali hatujaiona kanda hata moja, kwani mwaka 1989 kampuni yenyewe ilikiri mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni maonyesho ya kuburudisha, isipaswe kusimamiwa kama mashindano ya michezo. Lakini liko jambo jingine nililolisoma ukubwani, na ambalo lilinigusa kuliko ikirari ile. Andre the Giant, siku aliyonyanyuliwa mbele ya umati ule, alikuwa mgonjwa wa mgongo. Mwaka uliotangulia alikuwa amepasuliwa, na ndani ya vazi lake alifunga kikaza mgongo. Alifariki Januari 1993. Maana yake ni kwamba lile tulilolidhania kuwa ni ushindi wa mwenye nguvu lilikuwa hidaya ya mtu mwenye maumivu, aliyekubali kunyanyuliwa kwa kuwa aliagana hivyo na mwenziwe. Kwa hiyo aulizaye kama mieleka ile ni kweli au ni uongo, mimi humjibu kwamba ilikuwa amana, na amana ni jambo la kweli. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na sikuielewa methali hiyo darasani, niliielewa marandani.

Miaka imepita. Ua ule umejengwa vyumba vya kupangisha, mpaka ukutani. Bonde la Jangwani, tulikokwenda kucheza chandimu pale maji ya Msimbazi yalipokauka, lilichukuliwa sehemu yake na karakana ya mabasi ya mwendo wa haraka, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Nami siyalaumu mabasi, kwa kuwa watu lazima wasafiri, ila nasema kwamba mji unaopanga njia za magari na usipange mahali pa watoto kuangukia umesahau nusu ya raia wake. Watoto wa leo wanazo picha nyingi kupita tulizokuwa nazo sisi, tena safi, hazina mvua ya vumbi. Wanachokosa ni shubiri moja ya maranda, na wasaa wa kuketi chini ya mti wakaagana.

Kwa hiyo nawaomba wenye mamlaka ya miji yetu wakumbuke kuacha viwanja wanapogawa ardhi, na nawaomba walimu na wazazi wasiharakishe kukataza mchezo kabla hawajauliza swali lile la babu. Nawe msomaji uliyekulia uani, chukua karatasi uandike sheria za mchezo mliouzua wewe na hirimu yako, kabla hazijafa. Zetu zilikuwa nne, nami nimekwisha kuziandika.